Mti Ambao Paa Hakuugusa

Njiru, Jumapili baada ya kanisa

Maitu,

Umeenda Donholm kusukwa nywele, binti yangu, na sijawahi kuona msusi wa Donholm anayemaliza kichwa cha mtu mapema. Kwa hivyo nina alasiri nzima peke yangu. Baba yako amelala kitini na redio inamsomea matangazo ya vifo. Nimesukuma vyombo kando, nimefuta meza, nimekaa. Nimeamua kuandika kwa sababu mimi na wewe tukiongea uso kwa uso hatufiki mbali: mimi naanza kugomba, wewe unaanza kucheka, na neno lenyewe linabaki sufuriani.

Mambo ya sweta, soksi na mafuta ya midomo sitayarudia. Nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mathe, hata baridi yenyewe imeskia." Sawa. Hii si barua ya sweta.

Hii ni barua ya mtu aliyechanganyikiwa. Kesho unapanda kwenda mlimani nilikozaliwa, kukaa mwaka mzima ukijitolea kuhifadhi msitu, na mimi sijui kama nafurahi ama nimeudhika. Asubuhi najisikia hivi, jioni najisikia vile. Juzi sokoni Kariobangi jirani yangu wa vitunguu aliniuliza, "Muthoni amepata kazi?" Nikasema anaenda kujitolea. "Kujitolea nini?" Nikasema miti. Akaniangalia, akaacha kupanga vitunguu, akaniambia pole kama mtu aliyefiwa. Nilitaka kumkasirikia, lakini moyoni nikaona hata mimi ningesema pole.

Lakini si hilo lililonikalisha hapa. Ni ile siku ulikuwa unaongea na kikundi chenu kwa simu, kila mtu anajitambulisha na kueleza kwa nini anapenda msitu. Nilikuwa jikoni namenya waru, viazi vya chakula cha jioni. Zamu yako ilipofika ukasema, "Mum yangu alizaliwa huko forest. Akiwa mtoi aliambiwa aue miti, akakataa. Kuna moja aliiacha ikamea, na wakafukuzwa kwa sababu yake." Na wenzako wakapiga makofi kwenye simu. Nilisimama na kisu mkononi. Alikataa! Nani alikataa?

Ile hadithi umeisikia vipande vipande, tena kwa mzaha, kwa sababu hivyo ndivyo shosho yako, mama yangu, alivyokuwa akiisimulia. Wageni wakija, hata siku ile wazee walikuja kuniposa, alikuwa ananinyooshea kidole na kusema, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyetutoa msituni." Watu wanacheka, mimi nainama kumimina chai. Sikuwahi kukukalisha chini nikueleze yote. Acha nikueleze leo, halafu uamue mwenyewe kama ni hadithi ya kupigiwa makofi.

Tulikuwa tunaishi katika kijiji cha msituni. Watu wa misitu walikuwa wakikata miti iliyokomaa, halafu wanawapa watu ile ardhi iliyobaki wazi walime. Mkataba ulikuwa rahisi. Unalima waru zako, na katikati ya waru unapanda miche ya saiprasi na kuipalilia. Miche inakua na wewe unakula. Siku miti inapofunga jua, waru hazimei tena, na wewe unahamishwa. Ukibahatika unapewa kipande kingine. Usipobahatika, huna mahali.

Sasa niambie wewe uliyesoma. Mtu akikwambia lea huyu mtoto vizuri, siku atakayosimama ndiyo siku utakayolala nje, utamlea vipi?

Shosho yako alikuwa mjane wa watoto wawili, tata yako Nyokabi, dada yangu mkubwa, na mimi. Alifanya walivyofanya wengine wengi. Miche ilipandwa sawasawa, foresta, yule bwana misitu wa serikali, akaja akaiona imesimama, akaridhika. Ikishashika, sisi watoto tulipewa mistari. Unapita asubuhi umande ukiwa bado, unainama, unaminya kilele cha mche kwa kucha, unakitoa. Usiung'oe, usiukaushe, ubaki kijani lakini usipande juu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu kabla ya shule. Kucha zangu zilikuwa kijani na zilinuka saiprasi, na kabla ya kuingia darasani tulikuwa tunanawa na majivu ili mwalimu asiulize.

Na foresta akija kuuliza mbona miti haikui, shosho alikuwa na jibu. "Ni paa, bwana. Wanashuka usiku wanakula vilele." Paa walikuwepo kweli, na vilele walikula kweli, kwa hivyo haukuwa uongo mzima. Tulipata misimu mingi kwa huo uongo nusu. Tulikula, tulivaa, nilijua kusoma.

Mstari wangu ulikuwa wa mwisho, ule uliopakana na bonde. Mti wa mwisho kabisa kwenye mstari wangu sikuuminya. Ndio huo.

Kwa nini? Hapo ndipo unaponipotezea usingizi, Maitu. Nimeisimulia kwa njia tatu katika maisha yangu, na kila mara niliamini. Nikiwa msichana nilisema kulikuwa na baridi, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikaruka ule wa mwisho nikakimbilia moto. Nilipookoka nikasema dhamiri ilinisuta. Nikiwa mama nilisema niliuhurumia kwa sababu ulikuwa mdogo kuliko yote. Nikitafuta ile asubuhi yenyewe kichwani siioni. Naona umande tu, na magoti yangu yamelowa. Usiwaambie watu nilikataa. Labda nilikuwa mvivu tu.

Mti ukaendelea kukua. Ukanipita kimo, ukampita tata, ukaonekana kutoka barabarani. Foresta mpya alipoletwa, kijana mrefu wa maneno machache, akatembea mistari yote mikono nyuma. Akafika kwa ule mti. Akauzunguka. Akarudi kwa shosho, akauliza kwa upole kabisa:

"Mama, huyu paa alikuwa anachagua?"

Shosho akachukua jembe akaendelea kulima. Kabla ya wiki kuisha tulikuwa tumeambiwa tuhame. Waru tulizozipata msimu ule tulizichimba zikiwa changa, na tukaondoka na magunia, vyungu na kuku wawili. Tata Nyokabi alikuwa ameshaposwa na kijana wa pale ukingoni mwa msitu, akabaki. Shosho na mimi tukaja mjini, Kariobangi, chumba kimoja, ukuta wa mabati, mafundi wakigonga masufuria tangu alfajiri. Shosho alilia kwa ajili ya kelele ile kuliko alivyolia kwa ajili ya shamba. Hapo ndipo alipoanza kuuza waru, nami nikarithi kibanda, na wewe umekua juu ya magunia hayo.

Na hizo waru zinatoka wapi? Unajua zinatoka kwa tata. Na tata anazitoa wapi? Hapo hujawahi kuuliza, na mimi sijawahi kusema. Anazilima msituni, Maitu. Alipata kipande kwa ule mpango mpya, wenye vikundi na kamati na vyeti, lakini mkataba ni ule ule wa zamani: panda miche, ilee, ikishika uondoke. Mimi nikifungua gunia na kuona waru kubwa safi, msimu baada ya msimu kutoka kipande kile kile ambacho kingekuwa kimeshafunikwa na miti zamani, unafikiri siulizi moyoni? Najua mikono ya dada yangu. Nilifundishwa naye.

Sasa wewe. Uliponieleza kazi yako nilisikiliza nusu, kama kawaida yangu. Nilisikia "kupanda miti ya kienyeji" nikafikiri ni vile vijana wanapanda mti mmoja, wanapiga picha mbili, wanarudi mjini. Ni wiki iliyopita tu, ulipokuwa unamweleza baba yako, ndipo nilipoelewa. Kikundi chenu kitatembea vipande vya wakulima, mstari kwa mstari, kuangalia miche gani imeshika na gani imekwama na kwa nini. Kipande ambacho miche haikui, mkulima ananyang'anywa, na nyinyi mnapanda upya. Ulisema kwa furaha kwamba mtaanzia upande ule ule wa kina tata, halafu ukaongeza, "Na nitakuwa nalala kwa tata, so ni home tu."

Nikasema, "Ni vizuri." Nikaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Kwa maana tata nilikuwa nimemwambia kitu kingine. Ulidhani nimemweleza yote. Nilimwambia Muthoni anakuja kukaa na wewe, amechoka na mji, atakusaidia kuvuna. Akafurahi sana. Amekutengea kile chumba alichokuwa akilala shosho akienda kumtembelea, na amepaka ukuta chokaa. Ameniambia atakufundisha kuchimba waru bila kuzijeruhi. Naye hajui kwamba ukuta huo anampakia foresta.

Umewahi kuniuliza kwa nini huwa nanyamaza. Nilidhani kunyamaza ni amani. Unakumbuka ule mche wa parachichi uliopanda kwenye mkebe tulipokuwa bado Kariobangi, ukiwa darasa la kwanza au la pili? Ulikuwa unauamkia kila asubuhi. Mwenye nyumba alikataa mikebe kwenye ngazi, nikautupa, nikakuambia ni paka aliuangusha. Ulimchukia yule paka wa watu mpaka tukahama. Familia yetu ina mazoea ya kusingizia wanyama. Ningekuambia ukweli ungelia siku moja ukamaliza, lakini mimi ugomvi sikuuondoa, niliuweka tu kabatini. Huo ndio ujuzi wangu wote, na nimechelewa kuuacha.

Kwa hivyo nilikaa hapa kukushauri, na ushauri wenyewe sina. Nilijaribu kuandika "fuata ukweli", nikafuta, kwa sababu ukweli utamla tata yako, na ana goti bovu, na ardhi nyingine hana. Nikajaribu kuandika "damu ni nzito kuliko maji", nikafuta hilo pia, kwa sababu maji yenyewe yanatoka huko juu. Mfereji wetu hapa Njiru ukikauka mimi ndiye wa kwanza kupiga kelele. Bonde lililopakana na mstari wangu lilikuwa na kijito, tulikuwa tunakunywa kwa viganja. Nilipoenda mazishi ya shemeji, mume wa tata, nilipita pale nikaona mawe makavu na mbuzi amelala. Nikamwambia tata, "Maji yalienda wapi?" Akasema, "Yalichoka." Tukacheka. Siku hizi kicheko kile hakinipi raha.

Nani ana makosa? Shosho aliyelisha watoto? Foresta aliyefanya kazi yake? Tata? Mimi ninayeuza waru na kula faida? Wewe unayetaka mto urudi? Nikimlaumu mmoja, namwona mwenzake, na nikimlaumu huyo nasikia njaa ya utotoni. Nimezunguka hivyo wiki nzima. Nilichoma hata chapati za kukufungia za kwanza, ndiyo maana unazobeba ni chache.

Nimeacha kuandika hapo juu, nikampigia tata.

Nakuambia ukweli, Maitu. Nimemwambia yote kwa pumzi moja kabla hajamaliza kunisalimu: kikundi, mistari, vipande vitakavyochukuliwa, na kwamba niliposema kuvuna nilidanganya. Nilisikia ng'ombe wake. Halafu akasema:

"Kwa hivyo unanitumia foresta alale kwa kitanda cha mama."

"Ndiyo," nikasema.

"Na wewe huoni haya."

"Naona."

Nilimsikia akimfukuza kuku mlangoni. Kisha akauliza, "Ana gumbuti?"

"Anazo."

"Za mjini hizo zinapasuka. Anavaa namba gani?"

Nikamwambia. Akasema atakutafutia za marehemu mumewe, utaweka soksi mbili. Hakusema amekubali. Hakusema miche yake ikoje, na mimi sikuuliza. Alisema tu, "Asije akaniuliza mbele ya watu. Akitaka kuniuliza, aniulize jikoni." Nimekuandikia vile vile alivyosema ili usisahau.

Nilikuwa karibu kumuaga alipouliza kitu ambacho hatujawahi kuongea, mimi na yeye, tangu utoto. "Ule mti wako. Ulichoka ama ulikusudia?"

Nikasema sijui. Nikaanza kumwomba msamaha, kwamba kama ningekunja kidole mara moja zaidi tungekuwa na shamba, na mama asingekufa akiwa mpangaji. Akanikatiza.

"Wewe ulidhani mti unamea kwa siku moja?"

Sikuelewa.

"Mama alikuwa anapita mistari yote nyuma yetu," akasema. "Kila jioni. Uliwahi kumwona anaacha mche mmoja bila kuuangalia? Mimi mwenyewe nilimwonyesha ule wako. Nilitaka uchapwe. Akaniambia, 'Nimeuona. Funga mdomo.' Na kila msimu akawa anaupita, anaupalilia, anauacha."

Maitu, nilikaa chini. Nilikuwa nimesimama bila kujua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka hii yote, nimebebeshwa ule mti mbele ya wakwe, mbele ya kanisa.

"Aliniambia nifunge mdomo," tata akasema. "Hakuniambia nifungue lini."

"Lakini kwa nini aliuacha?"

"Nitajuaje? Mama alikuwa anasema mambo yake? Labda alikuwa amechoka na ile kazi. Labda alitaka kuona mmoja tu. Ulikatwa zamani, siku hizi nakalia kisiki chake nikila mchana. Nimekaa hapo nikijiuliza mpaka makalio yakafa ganzi. Sijui." Akasema ng'ombe anamwita, akakata.

Sasa nimekaa na barua hii mbele yangu, nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Mti ambao nimeuomba radhi maisha yangu yote haukuwa wangu peke yangu. Yule mama aliyekuwa akininyooshea kidole na kucheka, alikuwa anamcheka nani? Mwanamke mwenye watoto wawili na njaa ya kutosha, alipita kila jioni mbele ya kitu kitakachomfukuza, akakipalilia, akaenda nyumbani kupika. Nikifikiria hivyo namkasirikia. Nikifikiria tena, nataka kumkumbatia na hayupo.

Wewe ndiye wa jina lake. Tangu uzaliwe nakuita Maitu, yaani mama yetu, kwa sababu ulikuja badala ya mama yangu, na kesho Muthoni anarudi msituni akiwa amevaa gumbuti za marehemu. Sina baraka za maneno mazuri. Nenda tu. Lala kwenye chumba chake. Kula waru za tata bila kujifanya mtakatifu, zimekulea. Jikoni, mkimenya, mwulize unachotaka kuuliza na umsikilize mpaka mwisho, hata akianza na mambo ya ng'ombe. Kazi yako ifanye. Sitakuambia uandike nini. Kitu kimoja tu, usiandike ni paa.

Na siku ukitembea kwenye mistari ya mtu yeyote, ukute miche yote imekwama na mmoja umesimama, usikimbilie kufurahi wala kumshtaki mwenye shamba. Simama hapo kidogo. Kuna mtu aliyeupita kila jioni akijua utamgharimu nini, na akauacha.

Nasikia viatu vyako kwenye ngazi. Naficha barua hii kati ya chapati zako za safari, utaipata ukifika.

Ni mimi, mama yako, wa mstari wa mwisho.